Nyumba ya Shangani yenye gereji: nilipe kodi ya mwaka mzima?

Swali: "Nimehamishiwa kikazi Mtwara kutoka Morogoro. Ninakuja na mke wangu, watoto wawili na gari letu, Toyota Noah. Dalali ametupatia nyumba ya vyumba vitatu Shangani kwa 400,000 kwa mwezi. Anasema bei iko juu kwa sababu ina gereji ya kufunga, kwa hiyo gari halitaliwa na kutu ya bahari. Nyumba inayofanana nayo bila gereji, ndani kidogo kule Chuno, ni 300,000. Mwenye nyumba ni mama mjane anayeishi Dar es Salaam, na kijana wake ndiye anayetuonyesha. Wanataka kodi ya mwaka mzima. Gereji kwa sasa imefungwa, ina vitu vya marehemu baba yake, na amesema ataviondoa tukishahamia. Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni moja, tunachangia na chumba cha uani, ambako kuna mpangaji mwingine. Jirani naye ameshaniuliza kama nitampangishia gereji msimu wa korosho kwa miezi mitatu, hela yake ingenipunguzia mzigo. Nikisema tuandikishane, kijana anajibu kwamba huku ni watu wa kuaminiana. Nilipe au niache?"

Ndugu yangu, karibu kusini. Nikilisoma swali lako naona unaogopa mambo mawili: kutoa shilingi 4,800,000 kisha usipate ulichoahidiwa, na kuchelewa mpaka nyumba nzuri ikachukuliwa na mwingine. Hofu zote mbili zina msingi. Jibu langu fupi ni hili: usilipe mwaka mzima, na usilipe hata shilingi moja ya gereji kabla haijafunguliwa ukaingiza gari lako ndani. Tofauti kati ya nyumba hizi mbili ni 100,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya gereji ambayo hujaiona hata sakafu yake. Kazi yangu ya uthamini inanipitisha kwenye nyumba nyingi za mji huu, na migogoro mingi ya upangaji ninayokutana nayo inaanzia kwenye vitu vilivyoitwa nyongeza: gereji, stoo, chumba cha uani, kisima. Watu hukubaliana vizuri kuhusu vyumba vya kulala, vilivyobaki wakaviacha vielee.

Tuanze na kutu, kwa sababu ndiyo iliyotumika kukuuzia nyumba hii.

Dalali amekwambia nusu ya ukweli. Hewa ya Shangani ina chumvi. Mawimbi yanapovunjika ufukweni hurusha matone madogo ambayo jicho haliyaoni, upepo unayabeba, na chumvi inatua juu ya kila kitu: bawaba za madirisha, misumari ya bati, nondo za madirisha, tumbo la gari. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Ubaya wake ni kuvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe bila tone la mvua, na kwa pwani yetu unyevu wa kiasi hicho ni jambo la kawaida usiku. Unaamka asubuhi unakuta gari limelowa na mvua haijanyesha. Utando ule wa maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo mno kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine, na hivyo ndivyo chuma kinavyoliwa. Kinachoamua kasi ya kutu, basi, ni saa ngapi kwa siku chuma chako kinabaki kimelowa maji ya chumvi.

Sasa chukua gereji iliyozibwa pande zote, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Umerudi jioni na mvua, umepita kwenye madimbwi, gari linachuruzika, unaliingiza ndani na kufunga. Maji yale hayana pa kwenda. Hewa ya ndani inajaa unyevu, joto la injini linaongezea, na gari linashinda limelowa usiku kucha. Lingekuwa chini ya paa lisilo na kuta, upepo ungelikausha mapema zaidi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na madai kwamba gereji ya kufunga inazuia kutu. Inazuia wezi, jua linalokausha rangi na raba za madirisha, na vinyesi vya ndege. Kwa kutu, gereji inasaidia tu ikiwa inapumua: ina matofali ya matundu au madirisha ya wavu pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Kama imezibwa kabisa, gari lako linaweza kuoza humo haraka kuliko lile la jirani linalolala chini ya banda la wazi.

Jambo jingine ambalo dalali hakulisema ni umbali. Chumvi hii haifiki mbali kwa wingi. Nyingi hudondoka ndani ya mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni, hasa palipo na miti na nyumba za kuikinga. Shangani ni pana. Kuna nyumba unakunywa chai huku unatazama maji, na kuna nyumba ambazo bahari unaisikia tu ikiwa imechafuka. Tembea kwa miguu kutoka nyumba hiyo mpaka ufukweni, uone kama katikati kuna nyumba nyingine na miembe, au ni uwazi mtupu. Kisha tazama nondo za madirisha upande unaoelekea bahari na ulinganishe na zile za upande wa pili. Kama rangi imevimba na kumenyuka upande mmoja tu, unajua upepo wenye chumvi unaingilia wapi, na unaangalia kama mlango wa gereji uko upande huohuo.

Popote utakapopanga, dawa kubwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, kupiga tumbo la gari mara kwa mara, hasa ndani ya matairi na chini ya milango. Hapa niongeze tahadhari ambayo wageni wengi hawaambiwi: visima vilivyo karibu na pwani mara nyingi vina maji ya chumvi. Onja maji ya kisima cha nyumba hiyo kwa ncha ya ulimi. Kama yana ladha, oshea gari maji ya bomba ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji huu, au utakuwa unalipaka gari kile unachokikimbia.

Tukija kwenye jengo lenyewe, siku gereji itakapofunguliwa simama nje ukiutazama mlango, kisha inua macho juu yake. Lenta ya mlango wa gereji, yaani boriti ya zege iliyo juu ya mlango, ndiyo mara nyingi yenye kazi nzito kuliko zote katika nyumba za kawaida, kwa sababu inavuka uwazi mpana, kama mita mbili na nusu hadi tatu, bila nguzo katikati. Ndani yake kuna nondo. Kama zege lake lilichanganywa kwa mchanga wa baharini, au nondo ziliwekwa karibu mno na uso wa zege, chumvi na unyevu vitazifikia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, kwa hiyo nondo inavimba ndani na kulipasua zege kutoka tumboni. Dalili yake ni ufa wa kulala, unaofuata urefu wa lenta kwenye ukingo wa chini, pengine na doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Gonga hapo kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoshika inatoa mlio mgumu, iliyoachia inatoa mlio wa uwazi. Ufa mwembamba kama unywele unaotambaa ovyo kwenye plasta usikutishe, huo ni wa kukauka. Ule wa kulala wenye doa, au zege lililodondoka mpaka nondo inaonekana, usiegeshe gari wala usiruhusu mtoto kucheza chini yake mpaka mhandisi wa majengo ameuona kwa macho yake. Hilo haliamuliwi kwa picha za simu, na fundi wa kupaka rangi hawezi kukuhakikishia.

Kipimo cha gereji kisikuchukulie muda mrefu: Noah ina urefu wa takriban mita 4.6 na upana wa kama mita 1.7 bila vioo vya pembeni. Mlango wake wa ubavuni unateleza, hilo ni nafuu kwako, lakini wa dereva unafunguka kwa nje. Ingiza gari, fungua mlango, shuka, fungua na buti la nyuma. Kama huwezi kufanya hayo yote mlango wa gereji ukiwa umefungwa, umepata stoo. Na siku moja ukinunua Hilux ya dabo kebini, yenye urefu unaozidi mita 5, huenda isiingie.

Tazama pia paa. Gereji nyingi ziliongezwa baada ya nyumba kwisha, kwa bati lililoegemezwa ukutani na kupigiliwa kwa haraka. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaelekea kaskazini mwa Msumbiji na Mtwara kuwekwa kwenye tahadhari, mabati ya namna hiyo ndiyo ya kuhofiwa kwanza, maana upepo ukiingia mlangoni hulisukuma bati kwa chini. Uliza bati limefungwa kwa kitu gani kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, na kenchi zimefungwa ukutani kwa kitu gani. Chini, ukutani, tafuta mstari wa tope: mvua zetu kubwa zinakuja kati ya Desemba na Aprili, na kama njia ya gari inashuka kuelekea gereji, maji yote ya uwanja yanaingia humo.

Kuna jambo moja la gereji ambalo nalisema kwa kila familia yenye watoto. Umeme ukikatika, watu huingiza jenereta gereji ili isiibiwe wala isilowe, kisha wanaiwasha humohumo. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua watu waliolala bila kuwaamsha. Gereji iliyoungana na nyumba kwa mlango wa jikoni inapeleka hewa hiyo vyumbani, hata mlango wa nje ukiwa nusu wazi. Jenereta ifanye kazi nje, mbali na madirisha, hata kama itabidi uijengee kibanda. Madumu ya petroli nayo yasilale humo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukute moto, na jiko la gesi mara nyingi liko mlango wa pili.

Sasa vitu vya marehemu. Hapa ndipo ninapoomba usikie kwa makini, kwa sababu kufuli la gereji hiyo limefunika swali kubwa zaidi: nyumba hii ni ya nani kisheria? Umesema mama ni mjane na vitu ni vya marehemu. Inawezekana nyumba iko kwa jina la mama, na hapo hakuna shida. Inawezekana pia iko kwa jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa au haijagawanywa. Kama ni hivyo, wala kijana wala mama hana mamlaka ya kuipangisha kwa sababu tu ni mtoto au mke. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na anayo barua ya uteuzi. Nimeona wapangaji waliolipa vizuri kwa mtoto mmoja, miezi michache baadaye akatokea mwingine kutoka Masasi au Dar akidai naye ni mrithi na hakupewa kitu. Mpangaji akajikuta katikati ya ugomvi wa ndugu, kila upande unamtaka alipe kwake.

Kwa hiyo omba kuona moja kati ya haya: hati au leseni ya makazi yenye jina la mama, au barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kijana kama anasaini kwa niaba ya mama, awe na hati ya uwakilishi. Ongea na mama mwenyewe kwa simu, kwa heshima, umpe pole ya msiba kama bado hujampa, umuulize kodi anayoitaka na kama anajua kijana anadai ya mwaka mzima. Mara nyingine jibu la mama linatofautiana na la kijana. Pita pia kwa mwenyekiti wa mtaa. Utahitaji kujitambulisha kwake hata hivyo, na yeye anajua nyumba ipi ina maneno.

Vitu vyenyewe usiviguse. Usikubali kuambiwa "sogeza tu pembeni, uweke gari". Mali ya marehemu ni ya warithi wote mpaka igawanywe, na siku cherehani au pasi ya zamani ikikosekana, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo. Waviondoe wao wenyewe kabla hujahamia, mbele ya mjumbe au jirani. Kama haiwezekani sasa, hiyo ni sawa, maana watu wana huzuni yao na vitu vya baba haviondolewi kama takataka. Lakini basi hujapewa gereji, na hupaswi kuilipia.

Hapo ndipo pendekezo langu kubwa lilipo. Mkataba uandikwe kwa bei mbili: nyumba 300,000 na gereji 100,000. Kodi ya gereji ianze kuhesabiwa siku utakayokabidhiwa ufunguo ikiwa tupu, na tarehe hiyo iandikwe kwa mkono na kusainiwa na pande zote. Sentensi hiyo moja inaondoa ubishi wote. Kijana akiwa na nia ya kweli ya kutoa vitu, haimgharimu kitu. Akiipinga, amekuonyesha kwamba hajui lini vitatoka.

Kuhusu kuandikishana, kijana hasemi uongo mtupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata ukifanywa kwa mdomo. Tena sheria hiyo inaingiza masharti kadhaa ndani ya mkataba hata kama hamkuyataja, likiwemo la mwenye nyumba kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kubughudhiwa, na la mpangaji kurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Tatizo la maneno ya mdomo ni ushahidi. Neno "gereji" kwenye mazungumzo yenu halina mashahidi. Wewe unakumbuka aliahidi itafunguliwa, yeye atakumbuka alisema "tutaangalia". Na mtu aliyekuahidi anaweza kufariki au kuhama. Mwambie kwa upole kwamba maandishi yanamlinda na yeye, maana wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ni mali yake.

Mkataba ukishasainiwa unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba hii ni 48,000 ikiwa ni kodi kamili ya 400,000. Watu wengi huona ni usumbufu na kuuacha. Wajue kwamba mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi kwenye shauri la madai mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini. Kubalianeni mapema nani anatoa hiyo hela.

Na kodi ya mwaka mzima? Wengi huamini kuna sheria inayokataza. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa malipo ni makubaliano. Mwenye nyumba halazimiki kupokea ya mwezi, na wewe hulazimiki kutoa ya mwaka. Shangani ilizoea malipo makubwa ya mbele tangu gesi ya Mnazi Bay ilipoleta kampuni mjini na kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa Msijute. Mwajiri analipa, mfanyakazi anaingia. Wewe unalipa kutoka mfukoni mwako na hujalala hata usiku mmoja katika nyumba hiyo. Omba miezi mitatu, usogee mpaka sita. Nyumba ya bei hii haipati mpangaji kila wiki, na mama aliye Dar anahitaji mtu wa kuitunza kuliko anavyohitaji hela ya haraka. Ukikubaliana kwa sita, hela iende kwenye akaunti au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, itoke ukiwa na funguo mkononi. Kabla ya kuhamia piga picha kila chumba, gereji na lenta yake ikiwemo, mbele ya kijana, na kila mmoja abaki na nakala.

LUKU naipita haraka. Mita moja kwa kaya mbili ni chanzo cha maneno hata kwa watu wema, maana mmoja ana friji na mwingine ana taa mbili. Omba mita ndogo ya kupimia chumba cha uani, fundi umeme mwenye leseni anaifunga, na gharama iwe ya mwenye nyumba. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Wewe unaitoa tu kwa niaba yake unaponunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000, si fedha ya kugombania, lakini iandikwe kwamba itapunguzwa kwenye kodi yako ya pango.

Suala la jirani na korosho, jibu langu ni hapana, na sitaki ulipime kwa faida yake. Kwanza, huwezi kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Ukifanya hivyo unampa sababu ya kuvunja mkataba. Pili, jiulize kwa nini mfanyabiashara wa korosho anatafuta gereji ya nyumba ya kuishi. Korosho ghafi hapa kwetu zinapita kwenye vyama vya ushirika, zinakwenda maghala yaliyoidhinishwa na kuuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani (risiti ya mzigo uliowekwa ghalani), utaratibu ulioanza msimu wa 2007. Anayenunua kwa wakulima pembeni anaitwa kangomba, na huyo ndiye anayehitaji mahali pasipoonekana. Sisemi jirani yako ni kangomba, simjui. Lakini Oktoba ikifika na maofisa wakikuta magunia kwako, maelezo ya kwanza yatatakiwa kwako wewe mwenye ufunguo, na ni mgeni, na huenda ni mtumishi. Mjibu kwa ustaarabu kwamba mkataba wako haukuruhusu. Naye ataelewa.

Ukiwa tayari umetoa chochote kabla ya kusoma haya, usikate tamaa wala usianze ugomvi. Andika barua fupi ya kuomba gereji ikabidhiwe kwa tarehe fulani au kodi ipunguzwe, mpe kijana, na umtumie mama nakala kwa simu. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, lakini usuluhishi wake una uzito wa kijamii, na ukishindikana ndani ya siku 30 ndipo unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiache kulipa kodi kimyakimya kwa hasira, maana utakuwa wewe ndiye mvunjaji. Nao hawana ruhusa ya kukupiga kufuli ghafla, hata mkigombana. Kumwondoa mpangaji kuna utaratibu wake na notisi yake. Likifika huko tafuta wakili, na kama gharama ni kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia watu bila malipo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa.

Kuhusu uamuzi wenyewe: kama karatasi za umiliki zipo, gereji inapumua, lenta ni nzima na mama amekubali bei mbili na miezi sita, chukua Shangani kwa moyo mweupe. Ni mahali pazuri pa kulelea watoto. Kama hata kimoja kinasuasua, mimi ningekwenda Chuno. Mji huu ulichorwa miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, na viwanja vingi bado vina nafasi. Muombe mwenye nyumba wa Chuno ruhusa ya kusimika banda la gari: nguzo nne, bati, kuta hakuna, lisiguse ukuta wa nyumba. Pata makadirio kwa mafundi wawili, mkubaliane gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye kodi, na iandikwe kabisa banda litabaki la nani mtakapohama.